Kozi Fupi na Mpaka wa Ufundi: Funzo la Umeme wa Jua Kutoka Meru

Utangulizi

Ruiri ni kituo cha biashara katika eneo la Buuri, kaunti ya Meru, mahali ambapo ardhi huanza kushuka kuelekea Isiolo. Upande wa juu kuna mashamba yanayopata mvua za Mlima Kenya. Upande wa chini kuna ardhi kavu ambamo maji ni mali. Mahali kama hapa fundi wa sola huitwa kwa kazi mbili zisizofanana. Huku anaitwa atie taa tatu na runinga katika nyumba ya mkulima, kule anaitwa afunge pampu ya kuvuta maji kutoka kisimani. Mteja huona paneli zilezile na fundi yuleyule, na mara nyingi hadhani kwamba kuna tofauti yoyote kati ya kazi hizo mbili. Fundi naye, akiwa amehudhuria kozi ya siku tano na kupewa cheti, huenda naye asiione tofauti hiyo. Hapo ndipo penye hatari.

Suala la kozi fupi limejadiliwa sana nchini Kenya, na aghalabu mjadala huo hugawanya watu pande mbili. Wako wanaoshikilia kwamba kozi ya majuma machache ni njia ya mkato isiyoweza kumzaa mtaalamu, na wako wanaosema kwamba vijana hawana karo wala muda wa kukaa chuoni miaka mitatu ilhali kazi iko mlangoni. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zinapima kitu kisichofaa kupimwa peke yake, yaani urefu wa kozi. Kwa kutumia historia ya umeme wa jua katika eneo la Meru, ambayo ni historia ya kozi fupi tangu mwanzo wake, makala inatetea hoja kwamba kozi fupi yaweza kumtosheleza mtu kwa kazi yenye mpaka unaojulikana, na kwamba kosa kubwa la kozi nyingi ni kutomfunza mwanafunzi mpaka huo uko wapi. Baadaye hoja hiyo itaelekezwa kwa wanafunzi wa Kiswahili wenyewe, kwa kuwa nao wamo katika mkumbo huohuo.

Maneno na uzito wake

Yafaa kuanza na maneno, kwani lugha huhifadhi fikra za waliotangulia. Neno fundi lina uhusiano wa karibu na kitenzi funda, ambacho ukoo wake umezaa funza, fundisha, funzo, mafunzo na mwanafunzi. Katika fikra ya Kiswahili, basi, fundi na mwanafunzi ni watu wa nyumba moja. Mmoja ni mwanzo wa mwingine. Kati yao yupo mwanagenzi, yaani mtu aliyeingia katika kazi lakini bado yuko chini ya mkono wa aliyemtangulia. Mtaalamu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake pia unahusu kujifunza. Hakuna hata neno moja kati ya haya linalotaja cheti wala muda. Yote yanataja uhusiano kati ya anayejua na anayejifunza.

Uanagenzi ndio uliokuwa chuo cha pwani kwa karne nyingi. Seremala wa majahazi katika Lamu au Unguja hakusoma uundaji kwa majuma. Alianza kwa kushika kamba, akapewa kuziba nyufa kwa kalafati, akaja kuaminiwa na shoka, na mwishowe akaachiwa chombo kizima. Methali isemayo ukiona vyaelea, vimeundwa imetoka katika ulimwengu huo. Inamkumbusha mtazamaji kwamba kile kinachoonekana chepesi juu ya maji kimetanguliwa na kazi isiyoonekana.

Neno kozi, kwa maana ya mafunzo, limeingia kutoka Kiingereza. Hata hivyo Kiswahili kilikuwa na kozi wake tangu kale: ndege mwindaji wa jamii ya mwewe. Wahenga walisema, kozi mwanamandanda, kulala njaa kupenda. Maana yake ni kwamba mwenye uwezo wa kujitafutia halali na njaa ila kwa hiari yake. Kwa sadfa, methali hiyo ya ndege ndiyo ahadi ya kila tangazo la kozi fupi: soma kidogo, na njaa itakuwa ya kupenda. Swali ni kama ahadi hiyo hutimizwa.

Mwanzo wa sola katika Meru, 1984 na 1985

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijiji chenye nguzo za umeme wa taifa kilikuwa nadra katika wilaya ya Meru, ambayo wakati huo ilijumuisha hata Tharaka-Nithi ya leo. Shule za harambee, zilizojengwa kwa michango ya wazazi, zilitumia taa za mafuta wanafunzi waliposoma usiku. Katika Shule ya Upili ya Harambee ya Karamugi alikuwako mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins. Shule ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli. Mhandisi Mmarekani aliyeitwa Harold Burris, mwenye kampuni ndogo iliyojulikana kama Solar Shamba, aliwashawishi kwamba paneli za jua zingefaa zaidi. Mwaka 1984 madarasa ya Karamugi yakapata taa.

Lililofuata ndilo lenye maana kubwa kwa mada hii. Mwaka 1985, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Marekani, shule nyingine kadhaa zilitiwa umeme wa jua, na kundi dogo la mafundi wa eneo hilo likapewa mafunzo. Mafunzo hayo yalikuwa mafupi. Hayakuwa na shahada wala stashahada. Hata hivyo mafundi wa aina hiyo ndio waliosaidia kuusambaza umeme wa jua miongoni mwa wakulima wa kahawa na chai katika miteremko ya Mlima Kenya, watu ambao walikuwa na fedha kiasi na hamu ya kutazama runinga, lakini hawakuwa na nguzo ya umeme karibu. Historia ya soko la sola la Kenya, ambalo baadaye lilitajwa kote ulimwenguni kama mfano wa soko lililokua bila ruzuku kubwa ya serikali, haiwezi kuandikwa bila kuitaja Meru.

Kwa nini mafunzo mafupi yalizaa matunda hapo? Sababu tatu zaweza kutajwa. Kwanza, waliofunzwa walikuwa mafundi tayari. Mtu aliyezoea kushika nyaya na bisibisi hakuhitaji kufunzwa jinsi ya kupanda juu ya paa wala kufunga skrubu, bali mambo machache mapya tu. Pili, darasa na kazi havikutenganishwa. Taa iliyofungwa na mwanafunzi ilitakiwa iwake shuleni usiku ule, mbele ya walimu na wanafunzi. Tatu, kazi yenyewe ilikuwa na mpaka: paneli chache, betri ya volti 12, taa na labda runinga ndogo. Kosa lingeua betri, lakini si rahisi limuue mtu. Ufupi wa mafunzo ulilingana na udogo wa kazi.

Ni jambo la kuzingatia pia kwamba mwaka huohuo wa 1985 ndio mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, ukiwa na lengo la kuingiza stadi za mikono katika shule za msingi na za upili. Kabla ya hapo, vyuo vya ufundi vya vijijini vilikuwa vimeanzishwa kufuatia ripoti ya Baraza la Kikristo la Kenya ya mwaka 1966, iliyouliza vijana wafanye nini baada ya shule. Na mnamo 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuwa umeionyesha serikali kwamba watu wa jua kali, waliodharauliwa, walikuwa wanazalisha na kuajiri. Kwa hivyo kozi ya sola ya Meru haikuota jangwani. Ilikuwa sehemu ya swali ambalo taifa lilikuwa limejiuliza kwa miaka ishirini.

Soko lilipoizidi elimu

Katika miaka ya 1990 bei ya paneli ndogo ilishuka, na biashara ikahama kutoka kwa fundi hadi kwa mwenye duka. Mkulima aliingia dukani, akanunua paneli ya wati kumi na kitu, betri ya gari na waya wa mita kadhaa, akarudi nazo nyumbani juu ya matatu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, makadirio yalikuwa kwamba nyumba zaidi ya 200,000 za Kenya zilikuwa na vifaa vya sola. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli. Lakini nyingi kati ya hizo zilifungwa na jamaa, na jirani, au na fundi aliyejifunza kwa kumwangalia fundi mwingine ambaye naye alikuwa amemwangalia mwingine.

Matokeo yake yalikuwa hasara za kimyakimya. Aina fulani za paneli zilizouzwa hazikutoa hata umeme ulioandikwa mgongoni mwake, na mnunuzi hakuwa na kipimo cha kulijua hilo. Betri za gari, ambazo huundwa kwa ajili ya kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache wakati wa kuwasha injini, zilitumiwa usiku kucha hadi zikakauka. Bila kidhibiti chaji, betri ilijazwa kupita kiasi mchana na kumalizwa usiku, ikafa kabla ya wakati wake. Mkulima alilaumu jua, au alilaumu teknolojia nzima. Ni mara chache alipomlaumu fundi, kwa kuwa hakujua kwamba fundi alitakiwa kujua.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha aina ya maarifa yaliyokosekana. Chukua nyumba ambayo betri iko mita 15 kutoka sebuleni, na vyombo vya sebuleni vinahitaji mkondo wa ampea 5. Fundi akitumia waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ambao ndio mwepesi na wa bei nafuu, takriban volti 1.75 zitapotea njiani kwenda na kurudi. Katika mfumo wa volti 12 hiyo ni karibu asilimia 15 ya nguvu yote. Runinga itazimika ingawa betri ina chaji. Akitumia waya wa milimita mraba 4, upotevu utapungua hadi kama volti 0.66, yaani asilimia 5 na nusu. Waya zote mbili zinafanana machoni pa mteja, na zote mbili huwasha taa siku ya kwanza. Tofauti yake ni hesabu, na hesabu hiyo hufunzwa kwa saa mbili. Hapa ndipo hoja ya wanaozitetea kozi fupi inapopata nguvu: baina ya fundi aliyesoma siku tano na yule asiyesoma kabisa, upungufu wa saa hizo mbili tu umewagharimu wakulima wengi fedha zao za kahawa.

Kanuni za mwaka 2012

Serikali ya Kenya iliingilia kati mwaka 2012 kwa kutoa kanuni za mifumo ya umeme wa jua chini ya Sheria ya Kawi ya 2006. Kanuni hizo zilitaka fundi wa sola awe na leseni kutoka kwa tume ya kudhibiti kawi, ambayo tangu Sheria ya Kawi ya 2019 inajulikana kama EPRA. Leseni hizo ziligawanywa katika ngazi tatu. Mwenye ngazi ya T1 aliruhusiwa kufunga mifumo midogo, ya hadi wati 100. Mwenye T2 aliruhusiwa kufunga mifumo ya wastani, ya hadi wati 300. Mwenye T3 ndiye aliyeruhusiwa kufunga mifumo mikubwa, ikiwemo ile inayounganishwa na umeme wa taifa. Vyuo kadhaa vilianza kutoa kozi za siku chache kwa kila ngazi.

Msomaji aangalie busara iliyomo katika mpango huo. Kanuni hazikuikataa kozi fupi. Hazikusema kwamba kila fundi wa taa tatu lazima awe mhandisi. Zilichofanya ni kukiandikia cheti mpaka: leseni ya T1 inasema mwenye nayo anaweza nini, na kwa kusema hivyo inasema pia hawezi nini. Hali kadhalika mitihani ya daraja ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, inayoanzia daraja la tatu hadi la kwanza, haimuulizi mtahiniwa alikaa darasani miaka mingapi. Fundi wa jua kali aliyejifunzia kazini anaweza kuketi na kupimwa kwa kazi ya mikono yake. Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya 2013 na Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kielimu ya 2014 zimejengwa juu ya wazo hilohilo, kwamba kipimo ni umilisi.

Hata hivyo sheria ni karatasi mpaka itiwe miguu. Kijijini, anayemwita fundi haombi leseni. Anauliza jirani ni nani aliyemfungia. Na hapo turudi Ruiri, kwenye ile pampu ya maji.

Siku chache zaweza kufunza nini?

Pampu ya sola si taa kubwa. Paneli sita zikiunganishwa kwa mfuatano, kila moja ikitoa takriban volti 40, huwa volti 240 za mkondo mnyoofu. Mkondo huu ukikatizwa kwa waya uliolegea hutoa cheche isiyozimika upesi, tofauti na mkondo geu unaopita kwenye sifuri mara nyingi kwa sekunde. Aidha, paneli haizimwi kwa swichi. Maadamu jua linawaka, nyaya zake zina umeme. Fundi aliyefunzwa juu ya mfumo wa volti 12, ambaye mikono yake imezoea kugusa nyaya bila kudhurika, anabeba mazoea yake hadi kwenye kisima. Mazoea hayo, ambayo yalikuwa umahiri katika kazi ya kwanza, ndiyo hatari katika kazi ya pili.

Kutokana na mfano huu yaweza kutofautishwa mambo matatu ambayo mafunzo yoyote hulenga. La kwanza ni maelezo: paneli ielekee wapi, waya uwe wa unene gani, fyuzi iwekwe upande gani. Haya hufunzwa vyema kwa siku chache. Ikweta inapita katika miteremko ya Mlima Kenya, na fundi anaweza kuambiwa mara moja, akakumbuka maisha yake yote, kwamba paneli huku hulazwa karibu bapa, kwa mwinamo mdogo wa kuwezesha mvua kuosha vumbi, wala asinakili pembe kali za vitabu vya Ulaya. La pili ni wepesi wa mkono, ambao hauji ila kwa kurudiarudia. Kamba hukata jiwe papo kwa papo. Kozi fupi yaweza kuuanzisha, haiwezi kuukamilisha. La tatu ni uamuzi: kutambua kwamba mti wa parachichi ambao leo ni mfupi, baada ya miaka mitatu utaitia paneli kivuli, kumwambia mteja kwamba fedha zake hazitoshi jokofu, kukataa kazi. Uamuzi huja kwa kuona visa vingi, na hasa kwa kuona visa vilivyoharibika mbele ya mtu aliyekwisha kuviona kabla.

Wapinzani wa kozi fupi husahau kwamba hata kozi ndefu haimpi mtu jambo la tatu. Mhitimu wa miaka minne ambaye hajawahi kupanda paa hana uamuzi huo pia. Watetezi wa kozi fupi nao husahau kwamba cheti kinachotolewa baada ya jambo la kwanza husomwa na mteja kana kwamba kimethibitisha yote matatu. Kinachokosekana kati ya kozi na kazi ni uanagenzi: miezi kadhaa ya kufanya kazi chini ya jicho la mwingine. Mafundi wa Meru wa 1985 walionja kitu hicho kwa sababu soko lilikuwa dogo na waliofahamu kazi walikuwa wachache na karibu. Soko lilipokua, kozi zilibaki lakini uanagenzi ukayeyuka.

Ni haki pia kutaja kwamba maarifa mengine yamehamia ndani ya kifaa chenyewe. Tangu 2012, kampuni kama M-KOPA zimewauzia Wakenya seti ndogo za sola kwa malipo ya kila siku kupitia simu. Betri, kidhibiti na soketi vimo ndani ya kisanduku kimoja. Kosa la waya mwembamba halina nafasi. Anayefunga seti hiyo anatosheka na mafunzo ya siku moja, kwa sababu mhandisi aliyeiunda amekwisha kufanya uamuzi kwa niaba yake. Basi utoshelevu wa kozi hautegemei mwanafunzi peke yake. Unategemea pia ni sehemu gani ya ujuzi iliyobaki mikononi mwake.

Lugha ya mafunzo

Kuna jambo ambalo wataalamu wa ufundi hulipita haraka, na ambalo wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kulisimamia. Kozi ya siku tano ina saa chache mno. Ikifunzwa kwa lugha ambayo mwanafunzi anaitafsiri kichwani, sehemu ya saa hizo huliwa na tafsiri. Nchini Kenya, vitabu na mitihani mingi ya ufundi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mafundi wa Ruiri huagizana kazi kwa Kimeru na Kiswahili. Fundi akishindwa mtihani, haijulikani ameshindwa na umeme au na Kiingereza.

Mfano wa kinyume uko Zanzibar. Shirika la Barefoot College, lililoanzishwa Tilonia nchini India mwaka 1972, lilikuwa likiwachukua wanawake wa vijijini, wengi wao wakiwa hawakusoma sana, kwa mafunzo ya sola ya takriban nusu mwaka. Wanawake wa Zanzibar walikwenda Tilonia, wakajifunza kwa rangi, ishara na vitendo kwa sababu hawakuwa na lugha moja na walimu wao. Katikati ya miaka ya 2010 kituo kikafunguliwa Kinyasini, Unguja, ambako mafunzo yangeweza kuendeshwa kwa lugha ya wanafunzi wenyewe. Huko kozi si ndefu kwa kipimo cha chuo kikuu, lakini ina mambo yaliyokosekana katika kozi nyingi za siku tano: vitendo kila siku, kijiji kinachomngojea fundi wake, na vifaa vya aina moja ambavyo atavitunza miaka mingi.

Istilahi si kikwazo kama inavyodaiwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990. Maneno kama mkondo, ukinzani, sambamba na mfuatano yapo na yanaeleweka. Mafundi wenyewe nao wana yao: Mkenya husema stima, neno lililotokana na mvuke wa Waingereza, na husema sola, fyuzi, inveta bila kuomba ruhusa ya baraza lolote. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaweka pamoja maneno ya kamusi na maneno ya paa katika kijitabu cha kurasa thelathini ambacho fundi wa T1 angebeba mfukoni. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Urasmi huo utakuwa na maana Ruiri siku ambapo onyo la volti 240 litakapoandikwa kwa lugha anayoisoma yule anayeshika waya.

Kioo kwa wanafunzi wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kwamba haya ni ya mafundi wa umeme tu. Wahitimu wengi wa lugha huhudhuria warsha za siku chache za tafsiri, ukalimani au uhariri, wakatoka na vyeti, wakajitangaza. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Mkalimani asiyeijua tofauti kati ya kuua na kuua kwa kukusudia anaweza kumpeleka mtu gerezani kwa neno moja, na mteja wake, kama mteja wa sola, hana kipimo cha kuligundua kosa hilo. Ndiyo maana vipimo vilevile vinafaa hapa. Je, aliyehudhuria warsha alikuwa na umilisi wa lugha zote mbili kabla ya kuingia? Je, kuna aliyemsimamia katika kazi zake za kwanza? Je, cheti chake kinasema kwamba anaweza kufasiri barua ya kawaida lakini bado hajafika kwenye hati ya kiapo?

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba swali la kama kozi fupi inatosha halina jibu moja, ila lina masharti yanayoweza kutajwa. Kozi fupi hutosha inapojengwa juu ya ujuzi uliopo, inapofungamana na kazi halisi, inapofuatwa na uanagenzi, inapofunzwa kwa lugha inayoeleweka, na cheti chake kinapotaja mpaka. Ikikosa hayo, hata ingekuwa ya mwaka mzima, humtoa mtu mwenye ujasiri kuliko ujuzi. Hasara yake haimwangukii aliyetoa cheti. Humwangukia mkulima aliyeuza mbuzi ili anunue pampu, na kijana aliyelipa karo kwa mkopo akaja kuitwa tapeli katika kijiji chake.

Kwa hivyo aliyehitimu kozi ya siku tano hana haja ya kuona haya. Ana haja ya kuweza kumwambia mteja wa Ruiri, bila kusitasita, kwamba taa hizi atazifunga yeye, lakini pampu ile aitiwe mwingine, na kwamba atafurahi kumshikia ngazi huyo mwingine ili ajifunze. Anayeweza kusema hivyo amekwisha kuuanza ufundi.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya fundi, mwanagenzi na mtaalamu kama yanavyotumika katika eneo lako. Je, matumizi hayo yamebadilika kutokana na vyeti?

2. Kusanya maneno kumi yanayotumiwa na mafundi wa umeme wa jua katika soko lililo karibu nawe, kisha uyalinganishe na istilahi za kamusi. Ni yapi ungependekeza yatumike katika kijitabu cha mafunzo, na kwa nini?

3. "Kozi ndefu si dawa ya kozi fupi." Jadili kauli hii ukirejelea taaluma ya ukalimani.

4. Andika cheti cha warsha ya siku tano ya tafsiri kinachotaja bayana mambo ambayo mwenye cheti hajahitimu kuyafanya.